MUTISYA WA MUNGE, FUNDI WA WAMUNYU

Ukipanda matatu hapa Machakos kwenda Kitui, utapita Masii kisha Wamunyu. Huko Wamunyu kuchonga sanamu ni kazi ya watu wengi. Leo nataka kukusimulia habari za marehemu aliyeianzisha, Mutisya wa Munge.

Wakamba hawakuwa wageni wa mti. Tangu zamani walichonga vijiko, pinde na vigoda vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa nyaya. Lakini hivyo vilikuwa vyombo vya nyumbani, si sanamu za kuuza.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, Waingereza walichukua vijana wengi wa Ukambani kwenda kupambana na Wajerumani kule Tanganyika. Wengi hawakurudi. Mutisya alirudi, tena na ujuzi mkononi. Huko aliwaona wachongaji wa sanamu. Wengine husema ni Wazaramo, wengine Wamakonde. Vita vilipokwisha mwaka wa 1918 akarejea Wamunyu, akashika tezo lake.

Inasimuliwa kwamba mwanzoni alichonga kwa kupenda tu, akijaribu hiki na kile. Baadaye Wazungu wakaanza kununua, na kazi ikawa riziki yake. Ujuzi ulibaki kwanza kwa jamaa zake, kisha ukaenea kijijini, hadi Nairobi na Mombasa. Wachongaji Wakamba wakaunda hata chama cha ushirika kule Changamwe.

Basi hapo ndipo penye kisa. Fundi wa kweli huutazama mti kwanza: nyuzi zinaelekea wapi, ufa uko wapi, shingo ya twiga itoke upande gani. Kipande kikishatoka hakirudi. Tena mti mbichi ukikaushwa haraka hupasuka. Lakini mnunuzi yeye anataka twiga mia, wote sawasawa, na anawataka wiki ijayo! Nyumbani nako kuna unga na karo. Utafanyaje? Wachongaji wakagawana kazi: huyu anakata, yule anachonga, mwingine anapiga msasa. Watoto wakala na wakasoma. Lakini sanamu zikaanza kufanana, na miti ya mpingo na muhugu ikapungua, mpaka miaka ya 1990 wachongaji wakahimizwa kutumia mwarobaini.

Sisi tunaosoma kompyuta tusicheke. Kuandika programu ni kuchonga pia. Ukiiandika mbio mbio kwa sababu mwenye duka anaitaka kesho, leo itafanya kazi, lakini siku bidhaa zitakapoongezeka itapasuka kama ule mti mbichi. Hata hivyo, anayeifikiria mwaka mzima bila kuimaliza naye hamsaidii mtu. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mchagua jembe si mkulima.

Mimi naona siri ya Mutisya ni hii: ujuzi ulitangulia soko. Alipata muda wa kujaribu kabla mtu hajamngojea mlangoni na pesa. Wanunuzi walipofika, mkono ulikuwa tayari unajua.

Wenzangu, muda huo sisi tunao sasa, hapa shuleni. Hakuna anayetudai twiga mia. Tujifunze polepole, tuharibu vipande vingi, tuulize walimu. Soko linakuja, nalo halina subira.