Rudolf Diesel, mtu wa moteri inayowaka bila kiberiti

Saa kumi na moja ya asubuhi kule Lubero, ukungu haujatoka bado mlimani, shofere anazungusha ufunguo na kamio inakohoa tu. Moshi mweupe unatoka nyuma, batri inachoka, abiria waliolala juu ya mizigo wanashuka kusukuma. Mmoja anasema ni buji, mwingine anasema mazutu ni mabaya, wa tatu ameshaenda kutafuta maji ya moto. Ugomvi wa namna hiyo umekuwako tangu moteri hii iingie kwenye kamio, na kuumaliza inafaa kumjua kwanza aliyeitunga. Wengi wanafikiri Diesel ni jina la mafuta. Kwanza lilikuwa jina la familia.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria, na baba alikuwa fundi wa vitu vya ngozi, wa atelie ndogo. Mwaka 1870 vita vilipoanza kati ya Ufaransa na Wajerumani, familia hiyo ilifukuzwa pamoja na wenzao, ikakimbilia London karibu mikono mitupu. Mtoto alikuwa na miaka 12. Wazazi hawakuweza kumlisha vizuri, wakamtuma peke yake kwa gari-moshi mpaka Augsburg, kwa jamaa aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Watu wa huku wanaijua safari ya namna hiyo bila kuelezwa.

Huko Augsburg akashika masomo kwa nguvu, kisha akaenda chuo cha ufundi cha Munich. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Carl von Linde, yule wa mashine za kutengeneza barafu. Ni Linde aliyewaonyesha wanafunzi kwamba mashine ya mvuke, ile iliyokuwa ikivuta gari-moshi na kuendesha viwanda vya Ulaya yote, inatupa hewani karibu joto lote la makaa: kati ya mia, kazi ya kweli haifiki kumi. Jambo hilo halikutoka tena kichwani mwa Diesel. Mwaka 1879 homa ya matumbo ilimzuia kufanya mtihani na wenzake. Alipoufanya mwezi wa Januari 1880 akapata alama za juu sana.

Wazo lake, kila mwenye kinga anaweza kulishika kwa mkono. Ukipiga upepo kwenye gurudumu, pompi inapata moto kule chini, sababu hewa inayobanwa inapashwa. Diesel alitaka kuibana hewa kwa nguvu sana ndani ya silinda mpaka iwe na joto la mamia ya digrii, halafu mafuta yapulizwe humo na yawake yenyewe. Hakuna kiberiti, hakuna cheche, hakuna umeme. Shofere anayegombana na buji zake akumbuke hilo: moto wa mazutu unatoka kwenye kubanwa kwa hewa. Buji inasaidia tu.

Kwa zaidi ya miaka kumi alikula mshahara kwenye kazi za barafu za Linde, kwanza Paris, halafu Berlin. Akamuoa Martha Flasche mwaka 1883, wakazaa watoto watatu. Usiku alichora. Hati ya kulinda uvumbuzi wake ilitolewa Februari 1893, na kiwanda cha mashine cha Augsburg kikakubali kumpa nafasi ya kujaribu, Krupp nao wakaongeza pesa. Tarehe 10 Agosti 1893, mara ya kwanza mafuta kuwaka ndani ya moteri ile, chombo cha kupimia nguvu kilipasuka na vipande vikaruka. Waliokuwa karibu waliponea kidogo tu. Diesel alifurahi! Mafuta yalikuwa yamewaka bila cheche. Februari 1894 moteri ikazunguka yenyewe karibu dakika moja. Mwaka 1897 profesa Moritz Schröter akaipima mbele ya watu: kati ya joto mia, kazi ilikuwa 26. Hakuna moteri iliyokuwa imefika hapo.

Pesa zikaja haraka. Mwaka huohuo Adolphus Busch, tajiri wa bia wa Marekani, alilipa marki milioni moja kwa haki ya kuitengeneza kule. Lakini mwili ukakataa. Mwaka uliofuata Diesel alilazwa, amechoka kichwa na neva, huku wapinzani wakimshitaki kwamba wazo si lake. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya 1900, moteri ndogo ya aina yake iliendeshwa na mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni yake ya Afrika yanaweza kujitengenezea mafuta. Baadaye Diesel mwenyewe alilirudia wazo hilo.

Kitu kimoja kilimshinda: kuitia moteri yake kwenye gari. Ya kwake ilihitaji kompresa kubwa ya kupuliza mafuta ndani, kwa hiyo ilikuwa nzito, ikafaa viwanda na meli. Njia nyingine ilitoka kwa enjinia Prosper L'Orange wa kampuni ya Benz kule Mannheim, mwaka 1909. Alitoboa kichumba kidogo pembeni ya silinda. Mafuta yanaanza kuwaka mle, halafu moto unatoka kwa kishindo na kusukuma pistoni. Hiyo ndiyo ilifungua njia ya moteri nyepesi. Lakini kichumba kina kuta nyingi za chuma, na chuma baridi kinakunywa joto la hewa. Asubuhi ya baridi hewa inabanwa kama kawaida, lakini joto halitoshi. Ndiyo sababu ya buji ya kupasha moto, ile makanika wanaitaka preshofaje: ncha yake inakuwa nyekundu, zaidi ya digrii 800, ndani ya kichumba kile.

Hapa ndipo pesa nyingi za wenye kamio za zamani zinapotea. Kosa la kwanza ni kununua buji kwa kuangalia uzi na urefu tu. Volti ndiyo muhimu. Kamio ya batri mbili inaweza kuwa ya volti 24, lakini buji zake zikawa za volti ndogo kuliko hapo, sababu mtambo unapunguza umeme njiani. Toyota za zamani zina buji za volti za namna nyingi zinazofanana kwa macho. Ukitia ya volti ndogo kuliko inavyotakiwa, inaungua siku chache; ya volti kubwa haipati moto wa kutosha. Basi usitupe ile ya zamani kabla ya kusoma namba iliyopigwa juu yake. Kwenye Mercedes za zamani sana, buji za uzi wazi zimefungwa kama mnyororo: moja ikikatika, zote zinazima. Zile za ncha kama penseli kila moja inajitegemea, na moja ikifa moteri bado inaamka, lakini kwa kutetemeka na moshi mweupe. Na kamio kubwa nyingi zinazopuliza mazutu moja kwa moja juu ya pistoni hazina buji kabisa. Hewa inapashwa kwenye njia yake ya kuingilia. Huko kutafuta buji ni kupoteza siku.

Kuzipima si kazi kubwa. Ondoa waya, weka mita ya umeme kati ya kichwa cha buji na chuma cha moteri: nzima inaonyesha omu moja hivi au chini yake, iliyokatika haionyeshi kitu. Kama zote ni nzima na umeme haufiki, angalia rele na waya. Zifungue moteri ikiwa na uvuguvugu, na mafuta ya kulegeza kutu yamekaa kwanza, sababu ncha ikikatikia ndani, kulasi lazima ishuke. Ncha iliyovimba au kuyeyuka inaonyesha kwamba pua ya mazutu inadondosha, au rele imeganda na umeme haukatiki. Ukitia mpya bila kutengeneza hiyo, nayo itaungua. Dawa ya kupulizia hewani ili moteri iamke, usiitumie kabisa kwenye moteri yenye buji za moto. Inalipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Na kamio inayokataa kuamka hata ikiwa na moto mchana haina shida ya buji. Huenda kubana kwa hewa kumechoka, segmenti au valvu, na milimani kule hewa yenyewe ni nyepesi.

Diesel hakuyaona hayo. Kufikia 1913 mali yake ilikuwa imekwisha kwenye viwanja na biashara mbaya, na madeni yalikuwa yanasubiri. Kabla ya safari alimwachia mkewe mkoba, akamwomba asiufungue mpaka wiki ijayo. Ndani mlikuwa na marki 20,000. Jioni ya tarehe 29 Septemba alipanda meli Dresden kule Antwerp kuelekea Harwich, Uingereza. Alikula na wenzake wawili, akaomba aamshwe saa kumi na mbili na robo, akaingia chumbani. Asubuhi kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa juu ya meli.

Siku kumi na moja baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti baharini, wakatoa vitu vya mfukoni, wakaiacha maji yaichukue. Mtoto wake Eugen alivitambua vitu hivyo. Kama alijiua au aliuawa, watu wanabishana mpaka leo. Kamio za kwanza za mazutu zilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1924.