Grace Hopper: Mama aliyechoka kunakili

Nilipoacha chuo nilirudi mtaani Lindi, hapa Kibera, na kompyuta moja ya mitumba. Kwa miezi kadhaa niliiogopa. Niliona nikibonyeza vibaya itakufa, na pesa ya fundi sina. Kilichonitoa uoga ni stori ya mama mmoja aliyefariki kabla sijazaliwa.

Grace Hopper alizaliwa New York, Marekani, mwaka wa 1906. Akiwa mtoto wa miaka saba alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi. Akaifungua, vyuma vikamwagika, kuirudisha akashindwa. Akafungua ya pili ili aone ilivyopangwa. Mamake kuja kushtuka, saa zimefika saba, zote vipande vipande! Akamwachia moja tu ya kuchezea.

Alisoma hesabu hadi akapata udaktari Yale mwaka wa 1934. Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha alitaka kuingia jeshi la majini, akaambiwa umri umeenda na ni mwembamba mno. Hakukata tamaa. Walimpokea 1943, na mwaka uliofuata wakamtuma Harvard kwa Mark I, kompyuta ya urefu wa mita 15 hivi.

Huko ndiko alikokutana na shida yenyewe. Programu ziliandikwa kwa namba. Yeye na wenzake waliweka daftari za vipande vilivyokwisha kufanya kazi, halafu wakawa wananakili kwa mkono. Ukikosea tarakimu moja, hesabu yote imeharibika. Grace akajiuliza: kama kazi ni kunakili bila kukosea, si mashine ifanye? Mwaka wa 1952 akatoa A-0. Vipande vilikaa kwa utepe wa sumaku, kila kimoja na namba yake. Unataja namba, kompyuta inavikusanya yenyewe. Wengi hawakuamini, kwao kompyuta ilikuwa ya kujumlisha na kutoa tu. Baadaye akataka ielewe maneno ya kawaida, na kazi hiyo ikawa msingi wa COBOL, lugha ambayo benki nyingi duniani bado zinaitumia.

Alistaafu jeshi 1986 akiwa na miaka 79 na cheo cha admirali, akafariki tarehe 1 Januari 1992. Ofisini alikuwa na saa ya ukutani inayozunguka kinyume, watu wakumbuke kwamba si lazima jambo lifanywe vile limezoeleka.

Sasa rudi kwa kompyuta yako. Njia za mkato zinafuata wazo lile lile: ulichoandika mara moja, usikiandike tena. Ctrl na C hunakili, Ctrl na V hubandika. Kwenye Windows 10 au 11, bonyeza kitufe cha Windows na V, uiwashe, na itakuwekea vitu vingi ulivyonakili, si kile cha mwisho pekee. Ukiharibu maandishi, Ctrl na Z inakurudisha nyuma.

Grace hakuwa na Ctrl na Z ya zile saa zake. Wewe unayo, so unaogopa nini? Fungua uone.