Kaizari Friedrich III: aliyetawala siku 99 bila sauti

Wengi wetu tuliosoma Tanzania wakati wa ukimbizi tulifundishwa habari za Kaizari wa Ujerumani, yule ambaye askari wake walizitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi. Huyo alikuwa Wilhelm II. Ila ni wachache wanaojua kwamba kabla yake alitawala baba yake, Friedrich III, kwa siku 99 tu, bila kuweza kusema. Ugonjwa uliomnyamazisha ulianza kwa sauti kukwaruza.

Friedrich alizaliwa Potsdam tarehe 18 Oktoba 1831. Mwaka 1858 alimwoa Victoria, binti mkubwa wa Malkia Victoria wa Uingereza. Aliongoza majeshi katika vita dhidi ya Austria mwaka 1866 na Ufaransa mwaka 1870, lakini hakuwa mpenda vita. Mwaka 1863 alipinga hadharani amri ya Bismarck ya kuyabana magazeti. Waliotaka Ujerumani yenye uhuru zaidi walimngojea kwa hamu. Ila baba yake, Wilhelm I, aliishi hadi karibu miaka 91, na mrithi akazeeka akisubiri. Alikuwa mvutaji mkubwa wa kiko.

Mwanzoni mwa 1887 sauti yake ilikauka, akadhani ni mafua. Mwezi Machi daktari Gerhardt alimchungulia kooni kwa kioo, akaona kiuvimbe kidogo kwenye uzi wa sauti wa kushoto. Alijaribu kukiunguza kwa waya wa moto, siku baada ya siku, lakini kikarudi.

Tuone nyuzi hizo ni kitu gani. Ni mikunjo miwili ya nyama ndani ya zoloto, ile sehemu ngumu inayojitokeza shingoni. Juu ina utando mwembamba, chini yake tabaka laini kama uji mzito, kisha msuli. Tukisema, mikunjo hukutana na hewa ya mapafu huitetemesha zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Mtu akipiga kelele sana, utando huvimba au kuota vinundu, na mara nyingi akipumzika hali hutengemaa. Saratani ni jambo jingine. Huanzia kwenye utando, huufanya mnene na mgumu, kisha huingia ndani hadi msulini. Hapo uzi hautetemeki tena wala haukutani na mwenzake. Hewa huvuja, sauti hukwaruza, na mwisho hupotea.

Mwezi Mei 1887 daktari mpasuaji Bergmann alishauri koo lipasuliwe na uvimbe utolewe. Siku zile upasuaji huo uliua wengi. Akaitwa bingwa kutoka London, Morell Mackenzie, aliyekata vipande vidogo na kuvipeleka kwa Profesa Virchow, mtaalamu mkubwa wa hadubini. Virchow alisema vipande alivyopewa havikuonyesha saratani. Upasuaji ukaachwa. Lakini kipande kidogo cha juu hakiwezi kueleza yote yaliyo chini yake.

Mwezi Novemba, mgonjwa akiwa San Remo, Italia, uvimbe mpya ulionekana, na madaktari wakakubali kwamba ni saratani. Tarehe 9 Februari 1888 alitobolewa koo na kuwekewa mrija wa kupumulia. Mwezi mmoja baadaye baba yake alifariki. Friedrich alirudi Berlin akiwa Kaizari anayetoa amri kwa kuandika kwenye vikaratasi. Alifariki tarehe 15 Juni 1888, akiwa na miaka 56. Maiti ilipochunguzwa, saratani ilithibitishwa.

Kiti kilimwangukia Wilhelm II, kijana wa miaka 29. Ni katika utawala wake ambapo Mwami Mwezi Gisabo alilazimishwa kukubali mkataba wa Kiganda mwaka 1903, na Vita vya Maji Maji vilizimwa kwa mauaji na njaa. Kama baba angeishi, mambo yangekuwaje? Wanahistoria wanabishana mpaka leo.

Kwa upande wa tiba, hakuna ubishi. Nyuzi za sauti zina mishipa michache ya kusambaza ugonjwa, na saratani ndogo hapo hukwaruza sauti mapema. Mwili wenyewe hutoa taarifa. Leo, ikigunduliwa mapema, wengi hupona kwa upasuaji mdogo au mionzi.

Sisi walimu, na ninyi mnaonadi bidhaa sokoni na mpakani, tumezoea sauti kukauka. Tunatafuna tangawizi, tunaendelea na kazi. Ikirudi baada ya siku chache, sawa. Ikipita wiki tatu haijarudi, hasa kwa mvuta tumbaku, usinunue tena dawa ya kikohozi dukani. Nenda hospitali, omba kooni pachunguliwe. Kaizari alikuwa na madaktari wakubwa wa Ulaya. Wewe una tiba ambayo yeye hakuipata, ukiwahi.