Dkt. Elliott Joslin: daktari aliyetaka ujue namba zako

Ukiwa na kisukari, kliniki watakupima damu hata siku ambayo huumwi popote. Pengine umewahi kujiuliza ya nini. Maisha ya daktari huyu wa Marekani yatakusaidia kuelewa.

Elliott Joslin alizaliwa mwaka 1869 katika mji mdogo wa Oxford, jimbo la Massachusetts. Alihitimu udaktari Harvard mwaka 1895, na mwaka 1898 akaanza kutibu wagonjwa mjini Boston. Kisukari hakikuwa mbali naye: mama yake mzazi aliugua, akawa mmoja wa wagonjwa wake wa mwanzo.

Joslin alikuwa mtu wa kuandika. Kila mgonjwa aliingizwa daftarini: vipimo vyake, chakula chake, na hali yake mwaka hadi mwaka. Mwaka 1916 alitoa kitabu kilichotokana na wagonjwa 1,000. Mwaka 1918 akatoa mwongozo kwa ajili ya wagonjwa wenyewe, kwa kuwa anayeishi na ugonjwa huu kila siku ni mgonjwa, si daktari.

Insulini ilipogunduliwa Toronto, Joslin alianza kuitumia Boston Agosti 1922. Watoto waliokuwa wakikondeana hadi kufa waliinuka tena. Lakini miaka ilivyopita, baadhi ya waliookolewa walianza kupoteza uwezo wa kuona, na wengine figo zikaharibika.

Hapo madaktari wakagawanyika. Wapo walioona kwamba ikiwa mgonjwa hana dalili, sukari kuwa juu kidogo si neno. Joslin alikataa. Alishikilia kwamba sukari ikikaa karibu na kiwango cha kawaida, macho na figo vitapona madhara. Alifananisha matibabu na gari la farasi watatu: chakula, mazoezi na insulini.

Tatizo lilikuwa kipimo. Nyumbani, wagonjwa walichemsha mkojo na dawa ya Benedict, ileile inayotumika maabara za sekondari, wakitazama rangi ya bluu ikigeuka kijani, njano au nyekundu. Lakini sukari huonekana kwenye mkojo ikiwa tayari imepanda sana kwenye damu. Joslin alifariki Januari 1962, akiwa na miaka 92, mabishano yakiwa bado hayajaisha.

Jibu lilikuja mwaka 1993. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada ulifuatilia watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza. Waliodhibiti sukari kwa karibu walipunguza hatari ya kupata ugonjwa wa macho kwa asilimia 76, na madhara ya figo na mishipa ya fahamu yalipungua pia. Mwaka 1998, utafiti wa Uingereza ulionyesha faida kama hiyo kwa kisukari aina ya pili. Joslin alikuwa sahihi.

Leo una vipimo ambavyo yeye hakuwa navyo:

- HbA1c. Sukari hujishika kwenye chembe nyekundu za damu, hivyo kipimo hiki huonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3. Huhitaji kufunga kula. Kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7, ila lako utapangiwa na daktari. Hupimwa kila miezi 3 hadi 6. Kama una selimundu au upungufu wa damu, mwambie daktari, kwa sababu majibu yanaweza kupotosha.
- Figo. Angalau mara moja kwa mwaka, damu hupimwa kreatinini na mkojo hupimwa protini. Figo huanza kuharibika bila maumivu yoyote.
- Mafuta kwenye damu. Yakizidi, huongeza hatari ya kiharusi na ugonjwa wa moyo.

Vipimo vya damu havichukui nafasi ya kuchunguzwa macho, miguu na shinikizo la damu. Hivyo navyo vinahitajika kila mwaka au zaidi.

Ukipewa majibu, usiondoke na neno “nzuri” au “mbaya” tu. Uliza namba, iandike kwenye daftari lako pamoja na tarehe, na uilinganishe na ya mara iliyopita. Ikiwa imepanda, usibadilishe dawa mwenyewe. Zungumza na mhudumu wako mapema, kabla mwili haujaanza kulalamika.