Albert Ayler: Sauti Iliyookolewa na Kanda

Marehemu Albert Ayler, mpiga saksafoni wa jazi huru, alizaliwa mwaka 1936 mjini Cleveland, Marekani. Baada ya kutumikia jeshi alirekodi huko Sweden mwaka 1962. Na mwaka 1964, mjini New York, akarekodi santuri yake mashuhuri, Spiritual Unity. Wengi waliuona muziki wake kuwa makelele tu, lakini John Coltrane aliuheshimu, na Ayler alipiga katika mazishi ya bingwa huyo mwaka 1967. Novemba 1970 Ayler alikutwa amekufa mtoni East River, akiwa na umri wa miaka 34. Santuri zake zilitolewa upya, na mwaka 2004 mkusanyo wa Holy Ghost ukafichua kanda zilizokuwa hazijapata kutolewa. Asiyetunza kanda humzika msanii mara ya pili.