Adolphe Sax: Fundi aliyeshinda kesi lakini akafilisika mara tatu

Fundi wa kuchomelea wa Mwanga au Gungu, mjini Kigoma, anapoboresha mashine ya kukamulia mawese, hofu yake ya kwanza ni kwamba jirani ataiangalia, ataipima kwa futi kamba na kuanza kuiuza kwa bei ya chini. Hofu hiyo si ngeni. Zaidi ya miaka 150 iliyopita ilimsumbua Mbelgiji Adolphe Sax, mtengenezaji wa ala za muziki ambaye maisha yake bado ni somo kwa kila mjasiriamali mwenye kitu kipya mkononi.

Sax ndiye aliyebuni saksafoni, ala ambayo wapenzi wa muziki wa dansi huiita mdomo wa bata. Watu wa Kigoma na Ujiji wanaijua sauti yake kupitia rumba ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na kupitia bendi kama Maquis Original, iliyoundwa na wanamuziki waliotoka huko na kuhamia Dar es Salaam.

Alizaliwa Novemba 6, 1814 katika mji wa Dinant. Baba yake, Charles-Joseph, alikuwa fundi seremala aliyegeukia utengenezaji wa ala na kufungua karakana mjini Brussels. Kijana Adolphe alijifunza ufundi kwa baba yake na akasomea muziki, hivyo alijua ala inavyotengenezwa na pia inavyopigwa. Mwaka 1838, akiwa na umri wa miaka 23, alipata hataza yake kwa kuboresha klarineti ya sauti nzito.

Mwaka 1842 alihamia Paris, soko kubwa zaidi. Mtunzi maarufu Hector Berlioz aliandika gazetini kuisifu ala mpya ya Sax: bomba la shaba lenye kipande cha tete mdomoni, lenye nguvu ya tarumbeta na ulaini wa klarineti. Kwa mfanyabiashara mgeni, hilo lilikuwa tangazo la bure. Baadaye lingemgharimu.

Zabuni ya jeshi

Soko lililokuwa na fedha wakati ule lilikuwa jeshi, kwa kuwa kila kikosi kilikuwa na bendi na kila bendi ilihitaji ala nyingi. Aprili 22, 1845 yalifanyika mashindano ya hadhara katika uwanja wa Champ de Mars, Paris, kati ya bendi iliyotumia ala za zamani na bendi ya Sax. Watazamaji waliipa ushindi bendi ya Sax, na mwaka huo huo Serikali ya Ufaransa ikaamua ala zake ziingizwe jeshini.

Mwaka 1846 alipata hataza ya saksafoni kwa miaka 15. Alikuwa tayari na hataza za ala nyingine za shaba zilizobeba jina lake, yaani saxhorn na saxotromba.

Kwa watengenezaji wenzake wa Paris, uamuzi ule ulikuwa msiba. Mgeni mmoja alikuwa amechukua zabuni waliyoitegemea kwa miaka mingi. Waliungana, wakachangishana fedha za mawakili na kwenda mahakamani wakitaka hataza zake zifutwe.

Hoja zao zilikuwa mbili. Kwanza, walidai kwamba ala za shaba zenye vali zilikwishatumika Ujerumani kabla ya Sax. Hoja hii ilikuwa na uzito, kwa sababu Wilhelm Wieprecht, mkuu wa bendi za jeshi la Prussia, naye alipinga madai ya Sax kuwa mvumbuzi. Pili, walidai kwamba saksafoni ilikwishaonyeshwa na kuandikwa hadharani kabla ya kuombewa hataza, kwa hiyo haikuwa siri wala kitu kipya mbele ya sheria.

Sax naye hakukaa kimya. Aliwashitaki waliokuwa wakinakili ala zake, akiwamo Gautrot, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa Ufaransa, na Gustave Besson, ambaye katika miaka ya 1850 alihamishia shughuli zake London. Kesi ziliendelea kwa zaidi ya miaka 20.

Ushindi usiolipa

Mwaka 1854 mahakama ya Rouen ilizithibitisha hataza za Sax, na baadhi ya wapinzani walilazimika kumlipa fidia. Kisheria alishinda. Hesabu za karakana, hata hivyo, zilisema mengine.

Mapinduzi ya mwaka 1848 yalikuwa yamemwangusha mfalme, na uamuzi wa kutumia ala za Sax jeshini ukaanguka naye. Mteja mkubwa akatoweka, huku mawakili wakiendelea kudai malipo. Mwaka 1852 Sax alitangazwa muflisi. Alipata nafuu Napoleon III aliporudisha ala zake jeshini mwaka 1854, na kuanzia 1857 alifundisha saksafoni katika chuo cha muziki cha Paris. Kwa miaka kadhaa alisumbuliwa pia na uvimbe mdomoni, akapona mwaka 1859.

Hataza ya saksafoni iliongezewa miaka mitano, ikaisha mwaka 1866. Mara moja viwanda vingine vikaanza kuitengeneza bila woga. Sehemu kubwa ya miaka 20 ya ulinzi ilikuwa imeliwa na kesi badala ya kutumika kupanua soko. Vita ya Ufaransa na Prussia ya 1870 ilimfungia darasa lake, na akafilisika tena mwaka 1873, kisha 1877. Mkusanyiko wake wa ala ukapigwa mnada.

Alifariki dunia Paris Februari 1894 akiwa maskini. Hakuyaona mauzo makubwa ya saksafoni nchini Marekani katika miaka ya 1920. Ubelgiji baadaye iliweka sura yake kwenye noti ya faranga 200, iliyotumika hadi euro ilipoingia mwaka 2002.

Funzo kwa mafundi

Maisha ya Sax yanaonyesha kwamba hataza haimlindi mtu yenyewe. Inampa mwenye nayo haki ya kushitaki, na kushitaki kunahitaji fedha ambazo biashara ndogo mara nyingi haina. Yanaonyesha pia hatari ya kutegemea mteja mmoja, hata akiwa Serikali.

Kwa Tanzania Bara, maombi ya hataza na alama za biashara hupelekwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Sheria ya Hataza ya mwaka 1987 inadai kitu kiwe kipya, hivyo ni busara kuomba kabla ya kukionyesha kwenye maonyesho au gazetini. Sheria hiyo pia inatoa cheti kwa maboresho madogo yasiyofikia kiwango cha hataza.

Fundi asiyemudu gharama za kesi anaweza kusajili alama ya biashara, kuuza haraka, na kutoa huduma ya vipuri na matengenezo. Mashine inaweza kuigwa kwa wiki moja, lakini mkulima wa michikichi hurudi kwa fundi ambaye mashine yake ikiharibika msimu wa mavuno huifikia siku hiyo hiyo.