Isaac Newton na baiskeli ya bodaboda wa Busia

Simama asubuhi Busia, pale Kenya na Uganda zinapokutana, utazame bodaboda wa baiskeli akiondoka na gunia la mahindi kwenye karia. Jina bodaboda lenyewe lilizaliwa hapa, kutokana na vijana waliovusha watu na mizigo kutoka boda moja hadi ya pili. Mwanzoni kijana hunyanyuka kitini na kukanyaga pedali kwa uzito wake wote. Akishashika mwendo, huketi na kuzungusha miguu bila taabu kubwa. Gunia ni lilelile na barabara ni ileile. Mbona kuanza ni kugumu na kuendelea ni rahisi?

Kwa karibu miaka 2,000 wasomi wengi walimfuata Aristotle wa Ugiriki, aliyefundisha kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa, na msukumo ukikoma nacho husimama. Macho yetu yanakubali, kwa maana ukiacha kukanyaga, baiskeli husimama. Galileo wa Italia alilitilia shaka jambo hilo. Aliyelikamilisha ni Mwingereza, Isaac Newton.

Newton alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1642, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati huo, katika kijiji cha Woolsthorpe. Baba yake, mkulima, alikuwa amefariki miezi michache kabla. Mtoto alipofikisha miaka mitatu, mama yake aliolewa tena na kuhamia kwa mume, naye akaachwa kwa bibi yake. Uchungu wa kuachwa alikaa nao muda mrefu.

Mama alipofiwa na mume wa pili alirudi nyumbani, na baadaye akamtoa kijana shuleni ili asimamie shamba. Kazi hiyo ilimshinda. Mwaka 1659 alitozwa faini kwa sababu mifugo yake iliingia na kuharibu mali za majirani. Mjomba wake na mwalimu mkuu wa shule yake mjini Grantham walimsihi mama amrudishe masomoni. Mwaka 1661 alijiunga na Trinity College, Cambridge, akiwa mmoja wa wanafunzi waliowatumikia wenzao ili wapunguziwe gharama.

Mwaka 1665 tauni ilipozuka chuo kilifungwa. Newton alikaa kijijini kwa sehemu kubwa ya miaka miwili, akifikiri juu ya hisabati, mwanga na mvuto wa dunia. Hadithi ya tofaa lililoanguka, ambayo aliisimulia mwenyewe uzeeni, ni ya wakati huo. Mwaka 1669, akiwa na umri wa miaka 26, alifanywa profesa wa hisabati.

Hakupenda kuchapisha kazi zake, kwani mabishano yalimuudhi, na ugomvi wake na mwanasayansi Robert Hooke ulikuwa mkali. Mwaka 1684 mnajimu Edmond Halley alimtembelea kumuuliza juu ya njia ya sayari. Newton alikuwa ameshafanya hesabu hiyo, ila karatasi hakuziona. Halley hakumwacha. Mwaka 1687 kilitoka kitabu cha Kilatini kiitwacho Principia. Jumuiya ya wanasayansi ya London ilikuwa imeishiwa fedha kwa kuchapisha kitabu cha samaki, hivyo Halley alilipa gharama kutoka mfukoni mwake.

Ndani ya kitabu hicho mna kanuni tatu. Ya kwanza inasema kwamba kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwa mwendo uleule katika mstari ulionyooka, mpaka nguvu isiyo na ya kuipinga ikibadilishe. Nguvu hiyo shule za Tanzania huiita kani. Jiwe lililo juu ya Mwamba wa Tororo huvutwa chini na dunia, na mwamba hulisukuma juu kwa kiasi kilekile. Nguvu hizo zimelingana, ndiyo maana jiwe limetulia.

Baiskeli inayokwenda kwa mwendo usiobadilika nayo iko katika hali hiyohiyo. Nguvu ya miguu imelingana na upepo pamoja na msuguano. Wakati wa kuondoka, miguu ilibidi izidi ili mwendo uongezeke. Mwendeshaji akiacha kukanyaga, upepo na msuguano hubaki peke yake, na baiskeli hupunguza mwendo.

Kanuni ya pili inahusu kiasi: mzigo ukiongezeka, nguvu ileile hubadilisha mwendo kidogo zaidi. Ya tatu inasema kila msukumo hujibiwa na msukumo ulio sawa nao. Gurudumu huisukuma barabara nyuma, nayo barabara hulisukuma mbele. Tope la masika likikosa kushika tairi, gurudumu huzunguka bure.

Miaka ya baadaye Newton alisimamia kiwanda cha sarafu London, akaiongoza jumuiya ya wanasayansi kuanzia 1703, na mwaka 1705 Malkia Anne akamtunuku cheo cha Sir. Hakuoa. Alifariki Machi 1727 akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey.

Kwa watu wa Busia na Tororo kanuni hizi ni suala la uhai. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inakataza lori kuzidi tani 56. Breki zenye nguvu ileile zikilishika lori la tani 56 na la tani 28 yakiwa katika mwendo mmoja, lile zito litahitaji umbali maradufu kusimama. Anayevuka barabara mbele ya malori yatokayo Malaba akumbuke hilo, hata dereva akiwa mwangalifu kiasi gani.

Halafu kuna pikipiki, ambazo zimechukua abiria wengi wa baiskeli. Kwa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukata karibu mita 17 kila sekunde. Ikigonga nyuma ya lori lililoegeshwa, chombo husimama, lakini abiria huendelea mbele kwa mwendo uleule mpaka kitu kimzuie. Pigo hilo ni kama la kuanguka kutoka urefu wa mita 14. Helmeti husaidia kwa sababu tabaka lake la ndani hubonyea, kichwa kikachukua muda mrefu kidogo zaidi kusimama, na nguvu inayokifikia ikapungua. Ikiwa imetundikwa kwenye usukani haimsaidii mtu. Abiria anayepanda leo, upande wowote wa mpaka, aiombe na aifunge kamba kabla pikipiki haijaondoka.